Barua Zisizokunjwa

Jalada lililokuwa limepotea wiki tatu lilipatikana asubuhi ya Alhamisi, likiwa safi kuliko siku lilipopotea.

Katibu wa Mama alilileta mwenyewe. Hilo peke yake lilimfanya Kobe aweke kikombe cha chai chini. Tangu Kobe apewe chumba hicho cha kufanyia ukaguzi, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu na bado kilikuwa na viti vibovu vitatu, Katibu hakuwahi kukikanyaga. Alikuwa mtu wa kutuma watu. Leo alikuja na suti ya kijivu na tabasamu, akaliweka jalada mezani kwa mikono miwili kama anayetenga chakula cha wageni.

“Nyuma ya kabati,” alisema. “Liliteleza tu, mzee wangu. Wiki tatu tumekosa usingizi kwa kitu kilichokuwa humu humu ndani.”

“Nani aliliona?”

“Shangazi wa masjala. Huyo huyo aliyelipoteza. Utu uzima huo. Ile barua ya kumtaka ajieleze tutaifuta, amebakiza miezi miwili astaafu. Hatuna haja ya kumharibia mafao yake.”

“Ubinadamu,” alisema Kobe.

“Ndiyo kazi ya ofisi hii.” Katibu alitazama saa yake. “Kikao cha kufunga ukaguzi ni saa kumi. Mama atakuwepo. Nadhani sasa hakuna kilichobaki.”

Alipotoka, manukato yake yalibaki chumbani muda mrefu kuliko alivyokaa yeye.

Mama alikuwa mke wa Rais. Ofisi yake ilikuwa na watumishi wa serikali, magari ya serikali na bendera mlangoni, lakini kwa miaka tisa hakuna mkaguzi aliyepanda ngazi zake mpaka Bunge lilipouliza ni kwa nini. Kazi ikazunguka, ikakataliwa na wakaguzi wanne wenye magoti mazuri, ikamwangukia Kobe mwenye magoti mabovu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kusoma polepole. Hakulichukia. Kilichomchosha si jina, ni kuhamishwa. Kila alipoandika ripoti yenye meno alipelekwa mji mwingine, na mkewe sasa alikuwa ameacha hata kufungua maboksi. Walitumia masufuria mawili na sahani nne, vingine vyote vilibaki maboksini chini ya gundi ya safari iliyopita.

Simu iliita. Mkuu wake.

“Nasikia limepatikana.”

“Limepatikana.”

“Basi funika kombe mwanaharamu apite. Saa kumi funga, kesho uje tukupangie kwingine.”

“Kwingine wapi?”

“Kwingine,” alisema mkuu, akakata.

Kobe alivuta jalada. Lilihusu vitanda arobaini na viwili vya kujifungulia, vilivyonunuliwa kwa fedha za umma na kugawiwa na Ofisi ya Mama kwa zahanati kumi na nne, vitatu kila moja. Hakuanza na maneno. Alianza na namba, kwa mazoea ya zamani: alishika pembe za juu kwa dole gumba na kuziachia moja moja, akitazama zile namba nyekundu ambazo masjala huandika kwenye kila karatasi inayoingia. Moja mpaka arobaini na sita. Hakuna iliyorukwa, hakuna iliyofutwa.

Kisha akasoma. Kila zahanati ilikuwa na barua ya kuomba, nakala ya jibu la ofisi, na barua ya kushukuru kwa kupokea. Karatasi nne za mwisho zilikuwa za usafirishaji. Barua zilianzia mwaka jana mwezi wa pili na kuishia mwaka huu mwezi wa nne. Kila barua ya zahanati ilikuwa na muhuri wake, saini ya muuguzi mkuu, na muhuri wa masjala wa tarehe ya kupokelewa. Kilikuwa kitu kizuri, kama daftari la mtoto anayependwa na mwalimu.

Kobe hakuamini majalada mazuri, ila alikuwa amechoka, na uchovu humfanya mtu atake kuamini. Alichukua kalenda ukutani. Aliwahi kumkamata mkurugenzi mmoja aliyepokea barua siku ya Jumapili, akadhani na hapa atabahatika. Alikagua tarehe zote za kupokelewa, moja baada ya nyingine, kidole juu ya kalenda. Hakuna Jumapili. Hakuna sikukuu. Hata ile Jumatatu ambayo serikali ilitangaza mapumziko ya ghafla kwa ajili ya msiba wa kitaifa, masjala haikupokea kitu. Ama jalada lilikuwa la kweli, ama aliyelitengeneza hakuwa mtu wa mchezo.

Akaenda kwenye mihuri. Muhuri wa zahanati ya saba ulionekana mpya mno kwa barua ya mwaka jana, wino umekolea, kingo hazijalika. Aliitafuta namba ya zahanati ile, umbali wa kilomita mia mbili, akapiga.

“Muuguzi mkuu hapa. Sema haraka, nina mtu chini.”

“Chini wapi, dada?”

“Chini sakafuni, baba. Anajifungua. Kitanda kina mwenzake.”

“Mna kitanda kimoja?”

“Kimoja na matofali mawili. Mguu ulikatika. Wewe ni nani?”

Kobe alijitambulisha. Aliuliza kuhusu muhuri. Ulikuwa mpya, ndiyo, wa zamani ulipasuka, tena risiti ya kuchongesha anayo. Basi muhuri ulikuwa halali. Kobe akapumua. “Nina barua yenu hapa. Inasema mlipokea vitanda vitatu kutoka Ofisi ya Mama. Ina muhuri huo na saini yako.”

Upande wa pili kulisikika kilio cha mwanamke na sauti ya mwingine ikimwambia asukume.

“Mwaka jana tuliitwa semina ya Mama,” alisema muuguzi, sasa kwa sauti ya chini. “Tukaambiwa tuje na mihuri. Siku ya mwisho tukapewa kila mtu karatasi mbili tupu tusaini na kugonga muhuri. Za nauli, walisema, watajaza wenyewe, tusichelewe basi.”

“Ukasaini?”

“Wote kumi na nne. Nani anakataa nauli?”

“Utaniandikia hayo?”

“Niandike kwamba niligonga muhuri karatasi tupu?” Alicheka bila furaha. “Nina watoto, ndugu yangu. Hatujaongea mimi na wewe.”

Simu ikakatika. Kobe alibaki ameishika. Aliona sasa jalada lile lilivyokuwa baya. Halikusema tu kwamba vitanda viligawiwa. Lilisema walivipokea wauguzi kumi na wanne, kwa saini zao za kweli. Siku yoyote mtu akienda kuvitafuta na kuvikosa, watakaoulizwa waliviuza wapi ni wauguzi. Na alichokuwa nacho yeye kilikuwa neno la mtu aliyesema hajalisema. Ilikuwa saa sita na nusu.

Alikasirika, na hasira ikamsaidia. Alizitoa karatasi zote kwenye uzi, akazipanga mezani, akazima feni isizipeperushe. Akaacha kusoma. Akawa anapapasa.

Barua za wauguzi zilikuwa ishirini na nane, na zote zilikuwa zimenyooka. Alizipitisha kiganja moja moja, akaziinua dirishani zipigwe na jua. Barua ikitoka zahanati kilomita mia mbili inakuja ndani ya bahasha, na bahasha ya zahanati ni ndogo, ya bei nafuu. Karatasi hukunjwa mara mbili ili iingie. Mkunjo huo hauondoki hata uiweke chini ya godoro. Hizi hazikuwa na mkunjo hata mmoja. Hazikuwahi kupita posta. Zilitoka semina zikiwa zimelala bapa ndani ya boksi, na zilijazwa humu humu ndani.

Akatazama matundu. Masjala hutoboa kila karatasi siku inapofika, moja moja, na mkono wa binadamu hauwezi kurudia mahali pale pale miezi kumi na minne. Aliziweka karatasi zote pamoja, akachungulia. Tundu lilikuwa moja, limenyooka kama bomba, na kwenye ukingo wake, kwa kila karatasi, kulikuwa na jino lile lile dogo la chuma kilichochakaa. Zilitobolewa kwa mafungu, siku moja.

Alipaswa kufurahi. Badala yake aliketi, akakuna goti. Kuna kitu hakikukaa sawa. Mtu aliyeruka Jumapili zote, aliyekumbuka mpaka Jumatatu ya msiba, alisahauje kukunja barua? Kukunja karatasi ishirini na nane ni kazi ya robo saa. Mtu huyo alijua masjala kama anavyojua jikoni kwake. Mtu kama huyo hasahau. Anaacha.

Na kwenye jengo lile zima, mtu kama huyo alikuwa mmoja tu.

Masjala ilikuwa ghorofa ya chini, chumba kirefu chenye makabati ya chuma na dirisha moja. Shangazi alikaa mwisho wake, nyuma ya meza iliyofutwa mpaka ikang’aa, miwani imefungwa kamba shingoni. Jengo lote lilimwita Shangazi, kuanzia walinzi mpaka Mama mwenyewe. Miaka thelathini na mitatu alikuwa akipokea barua za serikali. Kobe alivuta kiti.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Magoti?”

“Yapo tu, yananidai.” Aliweka jalada juu ya meza. “Hili lilikuwa nyuma ya kabati gani?”

“Lile.”

Kobe aliinuka, akalitazama kabati. Lilikuwa limepigiliwa ukutani kwa misumari minne. Hata wembe usingepita.

“Katibu hajui kwamba limepigiliwa?”

“Katibu atajuaje? Humu ameingia mara moja katika maisha yake.”

“Kwa nini hukuzikunja?”

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena. Hakujifanya hajaelewa, na Kobe alimshukuru kwa hilo kimoyomoyo.

“Siku ya kwanza ulipokuja kuomba majalada,” alisema, “ulishika pembe. Ukahesabu namba kabla ya kusoma neno. Nikajua huyu alianzia masjala.”

“Miaka minne. Nilikuwa mbaya.”

“Ulikuwa mbaya lakini ulifunzwa. Nikasema huyu atapapasa.”

“Nani alikuagiza?”

“Nani mwingine? Katibu. Aliniandikia barua ya kunitaka nijieleze kwa kupoteza jalada, nikaikuta mezani asubuhi. Siku ya nne akaniita. Akasema barua hiyo inaweza kufa, na mafao yangu yakaishi, kama jalada litaonekana. Akanipa boksi la karatasi zenye mihuri na maneno ya kuchapa. Nilichapa siku mbili, mwanangu. Nina mjukuu yuko chuo, namlipia mimi. Sikusingiziwa hilo. Nilichapa kwa vidole vyangu.”

“Na jalada la kweli?”

“Analo yeye. Kila anayechukua jalada masjala lazima asaini kadi, na kadi inakaa mahali pa jalada mpaka lirudi. Wakubwa hutuma watu, hata kadi hawaijui. Siku ile alikuja mwenyewe, ana haraka. Nikamwekea kadi, akaisaini bila kuisoma, kama anavyosaini kila kitu.” Alivuta droo ya kabati la pili, akapitisha vidole, akatoa kadi ya manjano. Tarehe, namba ya jalada, saini ndefu yenye mkia. “Wiki tatu wanatafuta jalada. Hakuna aliyetafuta kadi.”

Kobe aliisoma mara mbili. “Mle jaladani mlikuwa na nini?”

“Folio ya tisa, ile karatasi yenye namba tisa. Mwandiko wa Mama, wino wa kijani. Vitanda vyote vipelekwe hospitali ya dada yake, ile mpya ya kulipia, zahanati zitafikiriwa awamu ijayo. Awamu ijayo haikuja.”

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia changarawe, fagio linakwenda na kurudi. Kobe alihesabu kichwani. Kadi peke yake haikutosha. Katibu atasema alilichukua akalirudisha, likateleza. Barua zisizokunjwa peke yake hazikutosha. Zinasema jalada ni la uongo, hazisemi la nani. Ili vyote viwili vishikane alihitajika mtu wa kusema: nililitengeneza mimi, kwa amri ya huyu. Na mtu huyo, siku atakayosema, anakuwa mghushi wa nyaraka za serikali.

“Naweza kuandika ‘mtumishi ambaye hakutambuliwa,’” alisema.

“Hakutambuliwa na nani? Namba zangu nyekundu zinajulikana mpaka kwa wafagiaji.”

“Naweza pia kulifunga. Saa kumi nikasaini, ukastaafu, mjukuu akamaliza chuo.” Alisikia sauti yake mwenyewe ilivyochoka, akaona haya. “Nasema kweli, Shangazi. Ripoti ngapi nimeandika, zikaenda kulala. Sina uhakika hata hii itasomwa.”

“Mimi nimezilaza baadhi yake humu humu,” alisema Shangazi. “Nazijua zilipo.”

Kobe akacheka, hakutaka kucheka. Kisha akamweleza kuhusu muuguzi na mwanamke aliyekuwa sakafuni. Hakufanya hivyo kumshawishi. Alihitaji tu mtu mwingine ajue. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

“Mtoto kazaliwa?”

“Simu ilikatika.”

“Nikadhani nitaziacha bila mkunjo, uzione, halafu nikae pembeni. Wewe ujue, mimi nisiwepo.” Alitikisa kichwa. “Mficha uchi hazai, mwanangu. Nipe karatasi.”

Aliandika kwa mkono, ukurasa mmoja, bila kufuta neno. Alisema alichofanya, kwa amri ya nani, tarehe gani, na folio ya tisa ilisema nini. Akasaini. Kisha akaikunja mara mbili, akapitisha ukucha kwenye kila mkunjo mpaka ukalia, akaikunjua. Akagonga muhuri wa leo wa kupokelewa. Akaitoboa peke yake, akafungua kalamu nyekundu, akaandika pembeni juu: 47.

“Hii ndiyo barua,” alisema.

Kikao kilifanyika kwenye chumba chenye zulia. Mama alikaa mwisho wa meza, mwanamke mwenye sura ya upole na macho ya mtu aliyeamka mapema kwa miaka mingi kwa ajili ya mume wake. Katibu alikaa kulia kwake. Kobe alikaa peke yake upande wa pili, akiwa na daftari la muhtasari, kwa sababu kanuni inataka kila neno la kikao cha kufunga liandikwe na pande zote mbili zisaini.

“Tumechoka, mkaguzi,” alisema Mama, wala hakusema kwa ubaya. “Nina hakika na wewe umechoka. Tumalize.”

“Kuna hoja moja, Mheshimiwa.”

Alieleza mikunjo. Alieleza matundu. Katibu alitabasamu, akasema hayo ni mambo ya karatasi. Kobe aliweka kadi ya manjano mezani. Katibu aliitambua saini yake, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Kisha Kobe akalifungua jalada kwenye ukurasa wa mwisho, akalisukuma mbele ya Mama.

Mama alisoma polepole. Aliporudia kusoma, kidole chake kilipita juu ya mkunjo, kikasimama hapo. Hakumtazama Katibu. Hakuuliza vitanda viko wapi.

“Huyu anastaafu lini?”

“Baada ya miezi miwili, Mheshimiwa,” alisema Katibu.

“Hastaafu,” alisema Mama, akalifunga jalada.

Kobe aliandika. Aliandika swali, jibu, na neno lile moja, na jina la aliyelisema. Akasaini, akageuza daftari, akaweka kalamu juu yake. Katibu, aliyekuwa tayari amesimama, alisaini bila kusoma. Mama alisoma. Alikaa na kalamu hewani, na kwa muda Kobe alidhani atamwomba alifute neno hilo, hata akajiandaa kukataa. Hakuomba. Aliona saini ya Katibu iko tayari chini ya kila kitu, akamtazama kwa mara ya kwanza, akasaini.

Masjala ilikuwa bado wazi. Shangazi alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake lakini hajaondoka.

“Naondoka nalo,” alisema Kobe, akionyesha jalada.

“Huondoki na kitu.” Alimsogezea kadi mpya. “Saini. Kwa kusomeka. Na ulirudishe.”

Kobe alisaini, akaandika tarehe na saa.

“Kuna muhtasari wa kikao?”

“Upo.”

“Unahusu jalada hili?”

Alitaka kusema hapana. “Unahusu.”

“Basi unaingia. Lete.”

Alimpa nakala. Shangazi alivaa miwani, akasoma kutoka juu, midomo ikicheza kidogo. Kobe aliona macho yake yalipofika kwenye lile neno. Yalisimama. Fagio nje lilikuwa limenyamaza. Kisha macho yakaendelea kushuka mpaka kwenye saini zote tatu, akazikagua kama zimekamilika.

Aliitoboa ile karatasi, akafungua kalamu nyekundu, akaandika 48.